SOMO LA KIDIJITALI: Fungua Simu Yako kwa Kompyuta, Kisha Ufunge Mlango

Vikundi vingi vya wakaazi huweka kumbukumbu zao kwenye simu ya katibu: picha za risiti, orodha ya wanachama na michango. Kioo kikivunjika, kazi ya mwaka mzima huweza kupotea. Somo hili linaeleza jinsi ya kuhamishia kumbukumbu hizo kwenye kompyuta bila waya, na bila kumwachia mtu mwingine nafasi ya kuingia.

Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hivyo zinaweza kutumia SSH, njia ya kuingia kwenye kifaa kutoka kifaa kingine. SSH ilibuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen nchini Ufini, baada ya nywila kunaswa na wadukuzi kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Njia za awali zilisafirisha nywila zikiwa wazi. SSH huzificha kwa msimbo.

Hatua za kufuata

1. Pakua programu ya Termux kutoka F-Droid, uisakinishe na kuifungua.

2. Andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:
pkg update
pkg install openssh

3. Andika passwd, kisha uweke nywila ndefu. Usishtuke herufi zisipoonekana unapoandika, ndivyo ilivyo.

4. Andika termux-setup-storage na ukubali ombi litakalotokea. Sasa Termux inaweza kufikia picha na faili zako.

5. Andika whoami upate jina lako la mtumiaji, kwa mfano u0_a215. Tazama anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kwa mfano 192.168.1.5.

6. Andika sshd. Mlango sasa u wazi.

7. Kwenye kompyuta iliyo katika Wi-Fi hiyo hiyo, fungua terminali na uandike, ukitumia jina na anwani yako:
ssh -p 8022 u0_a215@192.168.1.5

Kwa kawaida SSH hutumia mlango nambari 22, lakini Android hairuhusu programu za kawaida kutumia milango iliyo chini ya 1024. Ndiyo maana Termux hutumia 8022. Mara ya kwanza utaulizwa kama unakiamini kifaa hicho. Hakikisha anwani ni ya simu yako, kisha ujibu yes.

8. Andika exit ili kutoka, kisha unakili picha zako hadi kwenye kompyuta (hapa herufi P ni kubwa):
scp -P 8022 -r u0_a215@192.168.1.5:storage/dcim/Camera .

Funga mlango

Ukimaliza, rudi kwenye simu na uandike pkill sshd. Usiruke hatua hii. Aliye katika mtandao huo na anayejua nywila yako anaweza kuzisoma picha na faili zako, kuzinakili na hata kuzifuta. Kwa sababu hiyo:

• Usiwashe sshd kwenye Wi-Fi ya umma, kama ya hotelini au stendi.
• Usitumie PIN yako ya pesa wala tarehe ya kuzaliwa kuwa nywila.
• Usikubali mtu "akusaidie" kusakinisha huku akikuchagulia nywila.
• Zuia watu wengine kutumia kompyuta yenye nakala hizo, kwa kuwa majina na nambari za wanachama ni siri ya kikundi.

Wakaazi wanakumbushwa kwamba kuingia kwenye kifaa cha mtu mwingine bila idhini ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inatoa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au adhabu zote mbili. Jifunzie kwenye simu yako mwenyewe, na nakili kumbukumbu za kikundi mapema, kabla ya simu kuharibika.