Mashine ya Sauti Bwaloni na Matumizi Yake

Katika bwalo letu, upande wa kushoto wa jukwaa, ipo meza ndogo iliyofunikwa kwa khanga. Chini ya khanga hiyo ndipo ilipo mashine ya kuchanganyia sauti, ambayo sisi tunaoishughulikia twaiita mikisa. Wengi hupita karibu nayo kila siku wakienda kuchukua ugali, wala hawaijui. Mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho na kuondoka, na katika kundi letu hayumo hata mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike machache juu ya matumizi yake, asije akakaa mbele yake mtu asiyejua ila jambo moja tu, yaani kupandisha sauti.

Msomaji, ukiitazama mashine hii kwa mara ya kwanza hapana budi utaogopa. Ina nobu za kuzungusha zaidi ya mia. Lakini hofu hiyo haina sababu, maana zimepangwa katika mistari 12 iliyo sawasawa, na kila mstari una nobu 9 zilezile. Mstari mmoja huitwa chaneli, na kila chaneli ni ya maikrofoni moja. Basi ukijua chaneli moja umezijua zote.

Sauti huingia juu ya chaneli na kuteremka mpaka chini, kama maji ya mfereji yapitavyo katika mashamba. Juu kabisa ni tundu la plagi ya maikrofoni. Chini yake ni geini, kisha kichujio, kisha ikolaiza, kisha nobu za AUX, kisha PAN, na mwisho kabisa, karibu na tumbo la mwendeshaji, ni feda, kile kidude kinachosukumwa mbele na kurudishwa nyuma. (Vijana wa kidato cha pili hulitamka neno hili kama fedha, nao husema ndiyo maana kila mtu ataka kulishika.) Siku hizi ziko mikisa za kidijitali ambazo huendeshwa hata kwa simu, lakini nazo hufuata karibu mpango huohuo, ila tu mistari yake iko katika kioo.

Sasa nataka nieleze geini, maana hapa ndipo penye shida kubwa kuliko pote. Watu wengi hufikiri kwamba geini na feda ni kitu kimoja, kwa kuwa zote mbili zikiongezwa sauti hupanda. Sivyo. Maikrofoni ya kawaida ikizungumziwa kwa karibu hutoa umeme mdogo sana, karibu elfu moja ya volti moja. Umeme huo ni dhaifu mno kufanyiwa kazi yo yote. Kazi ya geini ni kuukuza kwanza, kabla haujafika mahali pengine po pote, na geini yaweza kuukuza mpaka mara elfu moja, ambayo kwa vipimo vya mafundi ni desibeli 60. Feda nayo huja baadaye kabisa, nayo huamua tu kiasi gani cha sauti hiyo iliyokwisha kukuzwa kiende kwenye spika.

Waliosoma somo la mawimbi katika fizikia wataelewa upesi kwa nini tofauti hii ni kubwa. Geini ikizidi, vilele vya wimbi hukatwa, na sauti hutoka imepasuka kama redio yenye spika mbovu. Hata ukishusha feda mpaka karibu na mwisho, utapata sauti ndogo iliyopasuka, wala hutaweza kuvirudisha vilele vilivyokatwa. Kinyume chake, geini ikiwa ndogo mno, utalazimika kusukuma kila kitu kilicho mbele yake, na pamoja na maneno ya msemaji utakuza ule mvumo wa mashine yenyewe, shhhh, kama mvua ya mbali juu ya bati.

Njia ya kuweka geini ni hii. Feda iwe chini. Bonyeza kitufe chenye herufi PFL katika chaneli hiyo, ili taa za kipimo zikuonyeshe sauti ya chaneli ile peke yake. Mwambie msemaji aseme kama atakavyosema siku yenyewe, si kusema “moja, mbili, haloo” kwa mnong’ono halafu siku ya sherehe apige kelele. Zungusha geini polepole mpaka taa zichezecheze karibu na alama ya 0, na ile nyekundu isiwake hata akipaza sauti. Kisha achilia PFL na usukume feda mpaka alama ya 0 iliyoandikwa kando yake. Hapo ndipo inapofaa kukaa wakati wa kazi, maana karibu na 0 vipimo vya feda vimeachana, hata ukisogeza kidole kidogo sauti hubadilika kidogo. Chini kabisa vipimo vimebanana, na kusogeza upana wa ukucha tu huweza kuifanya sauti iruke.

Kwa nini nashikilia sana jambo hili? Katika mahafali ya mwaka juzi, mshereheshaji mwenye sauti nene na mwanafunzi aliyesoma risala ya wahitimu walitumia maikrofoni moja. Geini ilikuwa imewekwa kwa sauti ya mshereheshaji. Msomaji wa risala, ambaye sauti yake ni laini, alisimama mbali kidogo na maikrofoni kwa adabu mbele ya mgeni rasmi. Aliyekuwa mezani akasukuma feda, mashine ikapiga mluzi, akairudisha. Akasukuma tena, ikapiga mluzi tena. Mwishowe akaiacha chini. Katika risala ile yalikuwamo maombi ya tangi la maji kwa mabweni, na wazazi waliokaa nyuma hawakusikia neno hata moja. Baadaye nilisikia watu wakisema kwamba msomaji hana sauti na kwamba angalichaguliwa mwingine. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kila chaneli imepewa geini yake mwenyewe kwa sababu watu hawana sauti sawa.

Mluzi ule una sababu yake. Maikrofoni husikia sauti ya msemaji, spika huitoa kubwa, na sauti hiyo ya spika huingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa tena, ikazunguka hivyo bila kikomo. Kila mzunguko ukirudi na nguvu zaidi ya ulivyotoka, mashine hulia. Kwa hiyo kuongeza geini peke yake si dawa ya sauti ndogo, maana geini hukuza sauti ya msemaji na sauti inayorudi kutoka kwenye spika kwa kipimo kilekile. Dawa ya kwanza haiko mezani kabisa: ni kuusogeza mdomo karibu. Ukipunguza umbali kutoka sentimeta 20 mpaka 10, maikrofoni hupata sauti ya msemaji karibu mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi, na sauti inayotoka kwenye spika haikuongezeka hata chembe. Msomaji wa risala aambiwe mapema kwamba kuikaribia maikrofoni si utovu wa adabu.

Dawa ya pili ni kumpa chaneli yake na maikrofoni yake, geini ikiwekwa kwa sauti yake siku moja kabla. Mshereheshaji akimaliza, bonyeza kitufe cha kunyamazisha katika chaneli yake, ndipo ufungue ya msomaji. Usiziache zote mbili wazi. Kila mara hesabu ya maikrofoni zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, nafasi uliyo nayo kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3 hivi. Nimeona chaneli sita zikiachwa wazi mtu mmoja akisema, halafu mwendeshaji akishangaa kwa nini mashine yalia.

Jambo jingine ni mkono. Maikrofoni zetu zimeundwa zisikie zaidi upande wa mbele na kidogo sana upande wa nyuma, na ndiyo sababu twaziwekea spika za jukwaani upande huo wa nyuma. Vijana wanaowaiga wasanii wa bongo fleva hukifumbata kichwa chote cha maikrofoni kwa kiganja. Kwa kufanya hivyo huziba matundu yanayoifanya iwe kiziwi kwa nyuma, nayo huanza kusikia kila upande. Basi mashine ikilia hapo, mwenye kosa si mashine.

Chini ya geini kuna kitufe kidogo cha kichujio, ambacho huondoa sauti zote nzito zilizo chini ya mitetemo 80 au 100 kwa sekunde. Katika maneno ya mtu hamna kitu cha maana huko chini. Kilichoko ni vishindo vya viatu juu ya mbao za jukwaa, upepo wa feni, na pumzi ya herufi p na b, kama mtu asomapo “pongezi” au “bodi ya shule”. Kwa msemaji, kibonyeze daima. Kwa ngoma, kiache.

Ikolaiza ina nobu za sauti nzito, za kati na nyembamba. Mwanafunzi mgeni akiiona hutaka kuongeza zote, kama mpishi atiaye chumvi kabla ya kuonja. Mimi nimejifunza kupunguza kwanza. Bwalo letu lina sakafu ya saruji na paa la bati, na sauti nzito za kati, tuseme mitetemo 200 mpaka 400, huzunguka humo muda mrefu zikayafunika maneno. Fikiria maneno haya: paka, taka, kaka, saka. Irabu zake ni zilezile. Tofauti yote iko katika herufi ya kwanza, na nguvu ya herufi nyingi za namna hiyo iko juu, kwenye mitetemo 2,000 na kupita. Herufi hizo zikifunikwa, msikilizaji wa nyuma husikia “a-a” tu, akasema maikrofoni haina nguvu, kumbe sauti ni kubwa ya kutosha ila haina maneno. Punguza ule mvumo wa kati, maneno yatatokea yenyewe. Wala usisumbuke sana bwalo likiwa tupu: watu wakijaa, miili na nguo zao hunywa sehemu ya mwangwi.

Mashine ikipiga mluzi mmoja usiokoma, sikiliza wafanana na irabu gani. Ukiwa kama “uu” ya bundi, uko katika mamia ya mitetemo; ukiwa kama “ii”, uko katika maelfu. Peleka nobu ya kati huko, upunguze kidogo.

Nobu za AUX hupeleka sauti kwenye spika za jukwaani, ili kwaya ijisikie yenyewe. Ni jambo kubwa kuliko watu wadhanivyo. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la The Beatles kutoka Uingereza lilipiga muziki katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Hapakuwa na spika za kuwarudishia sauti yao, na kwa makelele ya watu hawakuweza kujisikia. Kwaya isiyojisikia huinua sauti na kupotoka. AUX hiyo iwe ile inayochukua sauti kabla ya feda, ili ukishusha feda kwa ajili ya wasikilizaji, waimbaji wasipotewe na sauti yao ghafula. PAN iache katikati. Aliyekaa kulia na aliyekaa kushoto wote wana haki ya kusikia.

Kitufe cha volti 48 ni cha maikrofoni zile mbili ndefu za kwaya, ambazo hazifanyi kazi bila umeme kutoka kwenye mashine. Nyingine hazihitaji. Nyamazisha chaneli kabla ya kukibonyeza, na pia kabla ya kuchomeka au kuchomoa plagi, usije ukawatia watu hofu kwa mshindo.

Bandika utepe wa karatasi chini ya feda, uandike kwa kalamu ni chaneli ya nani: Msh., Risala, Kwaya 1, Kwaya 2. Wakati wa sherehe hakuna anayekumbuka namba.

Wakati wa kuwasha, washa mikisa kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Kisha rudisha feda zote chini na uifunike mashine kwa khanga, kwa kuwa vumbi likiingia katika feda sauti hukwaruza. Kuanzia Jumamosi ijayo tutakuwa bwaloni kila juma saa kumi ya jioni, baada ya usafi, mpaka mtihani utakapokaribia. Wanatakiwa wanafunzi wanne wa kidato cha pili na cha tatu, na kila mmoja aje na mwenzake mwenye sauti ndogo, tupate wa kuwafanyia mazoezi.