MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Fikra za Wayoruba na Wahindu katika somo letu la Sanaa

Mhariri aliniomba makala ya mafunzo, wala si hadithi, nami nimechagua jambo lililonisumbua tangu muhula wa kwanza: mtu anayechora anapaswa kufikiri nini kabla ya kushika penseli? Wengi wetu hudhani kuchora ni kazi ya mkono tu. Ukijaliwa mkono mzuri, basi umefaulu. Ukikosa, shauri yako. Mimi nami niliamini hivyo mpaka nikaaibika mbele ya darasa.

Kisa chenyewe

Mwalimu wa Sanaa alituambia tuchore Mlima Kenya. Nyumbani kwetu pana kalenda kuukuu ukutani, ina picha nzuri ya mlima huo. Nikachukua rula, nikaigawanya picha kwa miraba midogo, nikanakili mstari baada ya mstari hadi usiku wa manane. Jumatatu niliipeleka nikitembea kwa maringo kama tausi.

Mwalimu aliitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Uliuchora mlima huu ukiwa umesimama wapi?"

Nikanyamaza.

"Wewe unakaa huku Embu. Ukija shule asubuhi unauona. Je, kutoka kwenu unaonekana hivi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe picha ya kalenda ilipigwa kutoka upande wa Nanyuki! Sisi tuko kusini-mashariki ya mlima. Huku vilele huchungulia juu ya msitu alfajiri, na kabla ya saa tatu mawingu yamekwisha kuvimeza. Nimepita mbele ya mlima huo miaka yote bila kuutazama. Nilipata alama 9 kwa 20, na mwalimu akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Usafi mzuri. Jicho liko wapi?"

Baadaye aliniita akanipa kazi. Nisome jinsi Wayoruba wa Afrika Magharibi na Wahindu wa Bara Hindi wanavyoifikiria sanaa, kisha niwaeleze wenzangu. Deni hilo ndilo ninalilipa leo.

1. Wayoruba: jicho la ndani

Wayoruba wako hasa kusini-magharibi mwa Nigeria, na wengine wako Benin na Togo. Ni mafundi wa kuchonga tangu kale. Vichwa vya shaba na vya udongo vya mji wao wa Ife vilitengenezwa baina ya karne ya 12 na ya 15, na ni vizuri mno hata Mjerumani mmoja, Leo Frobenius, alipoviona mwaka wa 1910 hakukubali kwamba ni kazi ya Waafrika. Alidhani vimeachwa na wageni kutoka kisiwa cha hadithi kilichozama baharini. Alikuwa na macho mawili mazima, lakini hakuona.

Wayoruba wana maneno ambayo yanafaa kukaririwa. La kwanza ni *oju inu*, yaani jicho la ndani. Mchongaji hutakiwa kukiona kitu kwa jicho hilo kabla tezo halijagusa gogo. Asipokiona, mkono utakata mti bure.

La pili ni *ori*, yaani kichwa. Kwao kila mtu ana kichwa cha nje, hiki tunachonyoa, na kichwa cha ndani ambamo mna majaliwa yake. Ndiyo sababu sanamu zao nyingi zina kichwa kikubwa kupita kipimo cha mwili. Mtu asiyejua husema, "Hawa hawakujua vipimo." Walijua sana. Walichonga walichokifikiri juu ya mtu, wala hawakutaka kupima fuvu kwa rula.

La tatu ni *iwa*, yaani tabia, na pia hali ya kitu kuwa ndicho hasa. Wayoruba husema kwamba *iwa* ndiyo *ewa*, maana yake tabia ndiyo uzuri. Waswahili nao husema uzuri wa mtu si sura, ni tabia. Lakini Wayoruba huusogeza msemo huo mpaka kwenye kazi ya mkono: kigoda kizuri ni kile ambacho ni kigoda kwelikweli, kinakalika wala hakiyumbi. Kwa kipimo hicho mlima wangu haukuwa na tabia. Ulikuwa mlima wa Nanyuki uliojidai wa Embu.

2. Wahindu: kazi bila kungojea tunda

Kwanza tuweke lugha sawa, maana hiki ni Chama cha Kiswahili. Mhindi na Mhindu si neno moja. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, na anaweza kuwa Mwislamu, Kalasinga, Mkristo au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Waswahili wa zamani walimwita Baniani, na mpaka leo tunasema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Baada ya kusoma naona methali hiyo imemwonea. Dawa haiko kwenye kiatu pekee, iko pia kwenye mawazo yake.

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, wanawake wengi wa Kihindu huamka alfajiri, wakafagia mbele ya mlango, wakanyunyiza maji, kisha wakachora chini pambo liitwalo *kolam*. Hawatumii penseli. Hushika unga wa mchele kwa vidole na kuudondosha. Kwanza huweka nukta kwa safu, halafu huzizungushia mistari. Kwingineko India mapambo ya namna hii huitwa *rangoli*, na kule Bengal huitwa *alpana*. Kisha nini? Sisimizi na ndege hula unga, watu hupita, upepo huvuma, na kufikia jioni pambo limefutika. Kesho yake mama yule yule huchora jingine.

Niliposoma hayo nilijiuliza: si ni kazi ya bure hii? Nikapata jibu katika kitabu chao kiitwacho Bhagavad Gita. Humo Krishna anamfundisha Arjuna kwamba mtu ana haki ya kutenda kazi yake, lakini asifungwe na matunda ya kazi hiyo. Maana yake si kwamba ufanye ovyoovyo. Ni kwamba moyo wako wote uwe katika kazi, usiwe umetangulia mbele kuhesabu sifa. Nami usiku ule wa kalenda sikuwa nafikiria mlima. Nilikuwa nafikiria alama.

Wahindu wana neno jingine, *rasa*, yaani maji ya tunda au ladha. Kitabu chao cha kale kuhusu ngoma na maigizo, Natyashastra, kinataja ladha nane za sanaa: mapenzi, kicheko, huzuni, hasira, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Baadaye wataalamu waliongeza ya tisa, utulivu. Kwa hiyo mbele ya picha haitoshi kusema "ni smati". Tuulize imetuachia ladha gani mdomoni.

Mawazo haya yamefundishwa shuleni pia. Mshairi Rabindranath Tagore alianzisha shule Santiniketan mwaka wa 1901, ambako masomo yalifanyika chini ya miti, na mwaka wa 1919 pakaanzishwa hapo chuo cha sanaa. Humo *alpana* za akina mama wa kijijini zilifundishwa kama somo. Elimu ya nyumbani ilipewa dawati.

3. Nyanya yangu wa Nkubu

Likizo ya Agosti nilikwenda Meru kwa nyanya mzaa mama, karibu na Nkubu. Nyanya husuka viondo vya katani. Siku hizi ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili na anaona ukungu tu. Lakini jioni hukaa barazani, kiondo pajani, vidole vikihesabu nyuzi.

Siku moja alisimama ghafla, akaanza kufumua. Alifumua safu nne nzima, kazi ya jioni mbili. Nikamwambia, "Nyanya, acha tu. Kosa liko upande wa ndani, nani ataliona?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, mwenye kiondo ataingiza mkono ndani. Mkono wake utaliona."

Nilinyamaza kama siku ile ya mwalimu. Nikamuuliza anasukaje ilhali haoni. Akasema, "Macho yamechoka, lakini kiondo hiki nilikiona kabla sijakianza."

Wasomaji wenzangu, nyanya hajawahi kusikia habari za Wayoruba wala Tamil Nadu. Jicho la ndani analo, tabia ya kazi anaijua, na safu nne alizifumua bila kulalamika. Nimekulia katika elimu hiyo, na ilinibidi nizunguke Nigeria na India vitabuni ndipo niione. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha makala yangu. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Nyanya ana mabinti wanne na wajukuu wengi, na hakuna hata mmoja wetu ajuaye kuanza kiondo. Nilipomwomba anifundishe alicheka mpaka akafuta machozi, kwa kuwa kwao kusuka ni kazi ya wanawake. Wajomba nao walinicheka. Hata hivyo alinifundisha kitako, mahali nyuzi zinapopishana na kufungana. "Hapa ndipo pagumu," alisema. "Kitako kikikosea, kiondo chote kimekosea." Nilifumua mara saba.

4. Pingamizi mbili

Nilipoyaeleza haya katika mkutano wa chama, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba sisi ni Wakristo na hizo ni ibada za sanamu. Ni hoja nzito, sikuidharau. Nilimjibu kwamba kujifunza wazo si kuabudu. Tarakimu tunazotumia katika Hesabu zilitoka Bara Hindi, zikapitia kwa Waarabu, na neno sifuri tulilipata kwa Waarabu hao. Mbona hatujaogopa sifuri? Tena tutazame kwa jirani zetu wa Murang'a. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere, alichora ukutani katika kanisa la Kianglikana kule picha tano za maisha ya Yesu. Yesu ni Mwafrika, na mazingira ni ya vilima na vijiji vya huko. Imani haikuharibika, ila ilipata macho ya mahali pake. Huyo Njau ndiye mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka wa 1965, na alisisitiza sana kwamba msanii asinakili.

Mwingine akauliza, "Usipongoja matunda, KCSE utaipitaje?" Jibu langu ni kwamba alama tunazihitaji, lakini hofu ya alama ndiyo iliyonipeleka kwenye kalenda.

Hata hivyo tusikimbilie ya kigeni tukatupa yetu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Zoezi kwa msomaji

Chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe: chungu, mkeka, mti wa mfenesi au mkokoteni wa jirani. Walio Meru mjini wanaweza kuingia Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Kitazame dakika kumi bila penseli. Kisha jiulize maswali haya, uyajibu kwa maandishi:

(a) Kabla ya kuchora: Nimesimama wapi, na kwa jicho la ndani ninaona nini?
(b) Wakati wa kuchora: Moyo wangu uko katika kazi au katika sifa?
(c) Baada ya kuchora: Kazi hii ina tabia gani, na imeacha ladha gani? Kama ina kosa la ndani, niko tayari kufumua?

Tamati

Mimi nililifanya zoezi hili asubuhi kumi, nikisimama darajani kabla ya kengele. Asubuhi nne mlima haukuonekana kabisa. Mwishowe nilichora msitu, wingu zito, na ncha moja ya jiwe ikichungulia. Nilipata alama 13. Si nyingi, lakini mwalimu aliponiuliza nilikuwa nimesimama wapi, nilimjibu.

Disemba nitarudi Nkubu. Nataka nimalize kiondo kimoja kizima, nyanya aingize mkono ndani akikague. Wewe nawe msomaji, kama una nyanya, babu au jirani mwenye ujuzi, nenda ukakae karibu naye kabla hujachelewa.