Orodha ya majina? Usiiandike

*Daktari, mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama hapa Kiritiri. Tunataka kuwasaidia wanaoishi na VVU. Mzee wa kijiji anadai orodha ya majina ili wagawiwe mbuzi, lakini wawili wamekataa. Nifanyeje? – Mama M.*

Mama M., una haki ya kusita. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya VVU ya mtu bila idhini yake, hata kwa nia njema. Hofu ya kunyooshewa kidole ndiyo humfanya mtu apite kituo cha karibu akachukue dawa mbali. Nauli ikikosekana, dozi inakatika.

Gawieni wahitaji wote: wajane, wakongwe, wanaolea mayatima. Mwenye virusi atapata bila kutajwa. Mzee naye (ana sauti kuliko mimi daktari) atangaze barazani kwamba dawa za VVU ni bure katika vituo vya serikali, na kwamba anayezimeza hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii.

Aliyeacha dawa, anayekonda au anayekohoa asingoje baraza; aende kliniki leo. Siri ikishatobolewa, mwathiriwa anaweza kulalamika kwa Mahakama Maalum ya VVU na UKIMWI.