Kisanduku cha Fyuzi na Mzigo wa Umeme Nyumbani

Katika nyumba yenye umeme huwapo ukutani kisanduku chenye swichi kuu moja na safu ya fyuzi, au swichi ndogo ndogo zijikatazo zenyewe. Watu wengi hawakitazami mpaka taa zizimike ghafula. Hapo ndipo hufanyika kosa liwezalo kuteketeza nyumba: fyuzi iliyokatika hutiwa waya mnene, au hata kipande cha msumari, ili isisumbue tena. Katika somo hili twaeleza kwa nini kusumbua huko ndiko ulinzi wenyewe.

Kwanza ni hesabu. Nchini Kenya umeme huingia nyumbani kwa volti 240. Kila chombo huandikwa wati zake. Zigawanye wati hizo kwa 240, nawe utapata ampea, yaani wingi wa umeme upitao katika waya. Birika la wati 2,400 lahitaji ampea 10. Pasi ya wati 1,200 yahitaji ampea 5.

Pili ni waya. Umeme upitapo hutia waya joto. Ampea zikiwa mara mbili, joto hilo huwa mara nne. Kwa sababu hiyo umeme hugawanywa kisandukuni katika njia mbalimbali, na kila njia ina waya wa unene wake na fyuzi ipatanayo na waya huo. Njia ya taa, yenye waya wa milimita 1.5 za mraba, kwa kawaida hupewa fyuzi ya ampea 5 au 6. Njia ya jiko, yenye waya wa milimita 6 za mraba, hupewa ya ampea 30 au 32. Fyuzi hiyo huulinda hasa waya uliofichwa ukutani. Ukiweka fyuzi ya ampea 30 katika njia ya taa, taa hazitazidi kung'aa. Bali waya ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, nao utaungua ndani ya ukuta au juu ya dari.

Tatu ni mzigo wa vyombo vyote pamoja. Tuchukue nyumba yenye swichi kuu ya ampea 60. Jiko lahitaji ampea 30, kipasha maji ya kuogea 20, birika 10, pasi 5, friji 1, na taa zote 1. Jumla ni ampea 67. Je, fundi amekosea? La. Jiko halitumii nguvu zake zote wakati wote, maana kila sahani hujizima na kujiwasha kwa kadiri ya joto. Mafundi wa Uingereza huhesabu jiko hivi: ampea 10 za kwanza zote, kisha sehemu 30 katika kila 100 za zilizobaki. Basi ampea 30 huhesabiwa kuwa 16, na jumla yetu hushuka hadi 53. Lakini mwenye nyumba akiongeza kipasha maji cha pili cha ampea 20, jumla yawa 73, na hesabu ile yavunjika. Hapo sharti fundi aitwe kabla ya chombo kununuliwa.

Swichi ijikatayo yenyewe ina walinzi wawili. Kipande cha metali mbili hupinda polepole mzigo unapozidi, na sumaku hukata mara moja nyaya zinapogusana. Mzigo ukizidi kidogo tu, swichi au fyuzi yaweza kukawia sana. Kwa hiyo usichomeke birika na pasi pamoja katika soketi moja ya kuongezea: ampea 15 zitapita katika plagi ya ampea 13, nayo itapata moto kabla fyuzi haijakatika.

Basi swichi ikijikata, zima vyombo vya njia ile, punguza mzigo, kisha uirudishe mara moja tu. Ikijikata tena, iache na umwite fundi mwenye leseni. Fyuzi ikikatika, zima swichi kuu kwanza, kisha weka nyingine ya ampea zile zile.

Wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chombo kimoja hakidhuru; vikikusanyika bila hesabu, huunguza nyumba.