Somo la Afya: Mgongo Uliopinda kwa Vijana na Mazoezi Yanayoufunza Ubongo

Kati ya vijana 100 wenye umri wa miaka 10 hadi 16, wawili au watatu huwa na uti wa mgongo uliopinda kwenda upande. Hali hiyo huitwa skoliosisi. Kwa kuwa wengi wao hawasikii maumivu, huchelewa kugunduliwa, ilhali mpindo huongezeka kwa kasi zaidi katika miaka ya balehe mwili unaporefuka. Mabinti ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya mpindo kuongezeka.

Kwa takribani vijana wanane kati ya kumi, chanzo hakijulikani. Haijathibitishwa kuwa ndoo ya maji kichwani au begi zito la shule husababisha hali hii. Wala si laana wala uchawi. Mtoto hastahili lawama.

Namna ya kumchunguza mtoto nyumbani

Mtoto avue shati, asimame miguu ikiwa pamoja na magoti yamenyooka, kisha ainame mbele akiwa amekutanisha viganja. Mzazi atazame kutoka nyuma. Iwapo upande mmoja wa mbavu au kiuno umeinuka kuliko mwingine, mtoto apelekwe kituo cha afya. Dalili nyingine ni bega moja kuwa juu ya jingine, au sketi ya shule kuning'inia upande. Binti achunguzwe na mama au dada yake, kwa faragha.

Kwa nini “simama vizuri” haitoshi

Ubongo hujua mkao wa mwili kwa taarifa zinazotoka kwenye misuli, viungo, macho na sikio la ndani. Mgongo unapopinda polepole, ubongo huuzoea mkao huo na kuuona kuwa ndio wima. Tafiti za picha za ubongo zimeonesha kuwa baadhi ya vijana wenye skoliosisi hutofautiana na wenzao katika sehemu zinazosimamia mwendo na mizani ya mwili. Wataalamu bado wanajadili iwapo tofauti hizo hutangulia mpindo au huufuata.

Jambo lililo wazi ni kwamba ubongo hubadilika kwa mazoezi. Mwaka 2004, watafiti nchini Ujerumani waliripoti kuwa watu wazima waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu waliongezeka tishu katika sehemu za ubongo zinazofuatilia mwendo. Walipoacha, ongezeko hilo lilipungua.

Tiba ya mazoezi hujengwa juu ya msingi huo. Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa na mgongo uliopinda, alianza kuwafundisha wengine mwaka 1921 katika mji wa Meissen. Mbele ya kioo, mgonjwa hurefusha mgongo, huelekeza pumzi upande wa mbavu uliobonyea na kushikilia mkao huo, hadi ubongo uutambue bila kioo. Mtaalamu wa fiziotherapia humpangia kila kijana mazoezi kulingana na mpindo wake. Zoezi linalomfaa mmoja laweza lisimfae mwingine. Manufaa huja kwa kurudia kila siku nyumbani.

Mipaka ya mazoezi

Mazoezi pekee hayatoshi kwa kila mpindo. Eksirei huupima kwa nyuzi, na skoliosisi huhesabiwa kuanzia nyuzi 10. Kijana anayeendelea kukua mwenye nyuzi 25 hadi 40 kwa kawaida huhitaji pia mkanda maalumu wa mgongo. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2013 ulionesha kuwa mpindo ulizuiwa kufikia nyuzi 50 kwa asilimia 72 ya waliopewa mkanda, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Mpindo unaozidi nyuzi 45 au 50 huweza kuhitaji upasuaji, ambao hapa nchini hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Mkazi wa Kihonda aanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Asisubiri endapo mtoto ana maumivu ya usiku, miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo, au homa na kukonda. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huleta kibiongo, na hutibiwa kwa dawa. Mpindo ulioonekana mapema huwa na tiba nyingi za kuchagua. Mifupa ikishakomaa, mkanda hauwezi tena kuuzuia.