Droni ilizima ghafla angani

*Droni yangu ya FPV ilikuwa ikipanda kwa kasi, mara picha ikakatika kwenye miwani, mota zikazima, ikaanguka. Shida ni nini?*
*Msomaji, Arusha*

Pole. Picha na mota zikizima pamoja, mshukiwa wa kwanza ni umeme wa betri. Ungepoteza mawimbi ya rimoti tu, kwa kawaida picha ingebaki.

Toa propela kwanza. Kagua plagi ya betri na nyaya zake: lehemu iliyopasuka hukata umeme kwa mtikisiko mdogo tu. Kisha pima kila seli. Betri iliyochoka hudanganya: ikitulia husoma volti 4.2 kwa seli, ukivuta nguvu huporomoka. Tua ikifika 3.5.

Betri iliyovimba usiichaji tena. Bodi ikinuka kuungua, mpelekee fundi kabla hujaiwasha.