Dondoo muhimu: Mbenga mkubwa asikuponyoke

Ukitoka Kamina kwa reli hadi Bukama, unafika Lualaba, mto wa mbenga. Samaki huyu huweza kupita kilo 40, ana meno 32 makali kama wembe, na kinywa chake ni mfupa mtupu. Ndoana huteleza badala ya kuzama; hapo ndipo wengi humkosa.

• Noa ndoana kila mara. Iburuze taratibu juu ya ukucha: ikiteleza, bado butu.

• Kati ya ndoana na mshipi weka waya wa chuma. Mshipi mtupu, hata uwe mnene, ataukata kwa ng'ato moja. Usibanie hapa.

• Akiruka juu ya maji, inamisha ncha ya mwanzi na ulegeze kidogo, kwa maana anatikisa kichwa ili aiteme ndoana. Akirudi majini, kaza tena mara moja.

• Lowesha fundo kabla ya kulikaza.

• Akikuponyoka, usitupe tena kwa haraka. Pitisha vidole kwenye mshipi. Palipokwaruzwa pakate, funga upya, kisha nyoosha au badilisha ndoana iliyopinda.